Unga wa kutanua saruji ya visima vya gesi: nyota tatu

Nazungumzia unga wa magnesiamu oksaidi, ule unaochanganywa na saruji ya daraja la G, saruji maalumu ya visima, ili itanuke ikishashika. Kazi yangu hapa Mtwara ni kupima uji wa saruji kabla haujashushwa kisimani. Muuzaji alituambia tukiutumia, gesi haitapanda tena nyuma ya bomba, yaani kwenye nafasi kati ya bomba na mwamba inayojazwa saruji. Hapo kwenye "tena" ndipo nina neno.

Tatizo lenyewe ni la kweli. Saruji ya kawaida husinyaa kidogo inaposhika, na mwanya mwembamba kuliko unywele unaitosha gesi. Halafu kisima kinafunguliwa, kinafungwa, bomba linavimba na kunywea miaka nenda rudi, mpaka geji ya juu inasoma presha pasipotakiwa kuwa na presha. Unaitoa, kesho imerudi.

Nilikoroga kwa maji asilimia 44 ya uzito wa saruji, nikamimina kwenye kalibu ya pete, ile yenye mpasuko na vipini viwili vya kupimia, nikaizamisha kwenye maji ya moto. Katika joto la kina kirefu, maikromita ilionyesha vipini vimeachana, tena baada ya saruji kushika. Ikitanuka ingali uji ni kazi bure. Katika joto la karibu na uso wa ardhi, vipini viligoma kabisa. Unga huu hutanuka kwa kunywa maji, na uliochomwa sana tanuruni huyanywa taratibu, lakini mfuko hausemi umechomwa kiasi gani. Kwa bei ile!

Kubwa zaidi ni mwamba. Saruji inayotanuka inataka mwamba mgumu wa kuizuia. Ukiwa laini, saruji inausukuma na kuliachia bomba, mwanya unazaliwa palepale ulipotaka kuuziba. Muuzaji hilo hakuligusia.

Joto likipita nyuzi 110, silika (unga wa mchanga unaozuia saruji kudhoofika kwa joto) ya asilimia 35 au zaidi ya uzito wa saruji bado inahitajika. Unga huu hauchukui nafasi yake. Na kama matope ya kuchorongea hayakusafishwa, au bomba limelalia upande mmoja, usiulaumu unga.

Mifuko ikague kabla ya kupokea, unyevu wa pwani huifanya mabonge. Sisi tutaendelea kuutumia sehemu za chini zenye joto na mwamba mgumu. Nyota ya nne nitaitoa siku wakichapa kwenye mfuko kiwango cha joto la kuuchoma unga.