Nyoka wa mahindi au chatu mfalme, kwa nyumba yenye paka na hamsta (mnyama mdogo wa jamii ya panya)?

Wote wawili hawana sumu na hufugwa sana Marekani na Uingereza. Nyoka wa mahindi asili yake kusini-mashariki mwa Marekani. Chatu mfalme ametoka Afrika Magharibi, nchi kama Ghana, Togo na Benin.

Kwa utulivu, chatu anashinda. Akiogopa hujikunja duara na kuficha kichwa katikati. Ila huo woga una gharama: paka akikaa mbele ya kioo akikodoa macho na kugongagonga kwa kucha, chatu anaweza kususa chakula wiki nyingi, hata miezi. Pia anataka joto la nyuzi 31 hivi upande mmoja wa tangi, na unyevu wa kutosha.

Nyoka wa mahindi si mwepesi wa kususa. Tatizo lake ni kutoroka. Ni mwembamba, anasukuma kifuniko kwa pua mpaka apate upenyo, na akishatoka, hamsta ni chakula chake halali. Kifuniko kiwe na kufuli, basi.

Kwa yeyote kati yao, nawa mikono baada ya kumshika hamsta: nyoka akinusa harufu ya mnyama huyo kwenye vidole anaweza kuuma. Nawa tena baada ya kumshika nyoka, kwa sababu ya salmonela, bakteria wanaosababisha kuhara.

Mimi ningechukua nyoka wa mahindi. Kufuli inanunuliwa, huwezi kumzuia paka asichungulie.