Mafunzo ya Kikosi cha Helikopta cha Kuzima Moto wa Nyika, Barabara ya Entebbe: Miguu Imefunzwa, Mizani Imesahauliwa

Kituo ninachokitathmini kipo kando ya barabara ya Entebbe, na jina lake sitalitaja kwa kuwa nina mambo ya kukikosoa. Kinawaandaa vijana wanaotamani kujiunga na vikosi vinavyopelekwa kwa helikopta kuzima moto wa nyika, na kinasema kinafuata utaratibu wa Marekani, ambako ngazi za kazi hiyo zimeandikwa wazi. Nimekipima kwa utaratibu huohuo.

Mazoezi ya mwili ni mazuri kwelikweli. Mtihani wa Marekani kwa kazi nzito za moto humtaka mtu atembee maili 3, yaani kilomita 4.8, kwenye ardhi tambarare akiwa na mzigo wa kilo 20 hivi mgongoni, amalize ndani ya dakika 45, na asikimbie, kwani anayekimbia huhesabiwa ameshindwa. Afande mstaafu anayesimamia zoezi hilo huongeza uzito kidogo kidogo badala ya kumtwika mgeni mzigo wote siku ya kwanza, na humrudisha mwanzo, bila kumfokea, yeyote anayeanza kukimbia. Hukagua pia viatu, ambavyo lazima viwe vya ngozi, vya kufunga kwa kamba, vyenye shingo ya sentimita 20 hivi na soli isiyoteleza wala kuyeyuka kwa joto. Baada ya hapo wanafunzi hulima ukanda wa kuzuia moto kwa jembe na panga, wakiwa wameachana kiasi kwamba chombo cha mmoja hakimfikii mwenzake. Wapo waliolalamika kwamba hawakuja kulima; mimi naona kituo kilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu helikopta ikishawashusha watu karibu na moto, kazi inayobaki ni ya mikono.

Somo la kuikaribia helikopta lilitosha, ingawa lilifanyika kwa duara la chokaa uwanjani. Tulifundishwa kuja kutoka mbele, rubani akituona na kuturuhusu, tukiwa tumeinama na vyombo virefu vimeshikwa chini kwa ulalo. Tusipite kamwe upande wa mkia, wala tusishuke kutoka upande wa juu wa mteremko, ambako rafadha, yaani mabawa yanayozunguka juu ya helikopta, huwa karibu zaidi na ardhi.

Pengo kubwa lipo kwenye uzito. Mtu wa kikosi cha helikopta hupimwa pamoja na vifaa vyake, uzito huo huandikwa kwenye orodha ya abiria, na hesabu hufanywa kwa kuangalia mafuta, joto na kimo cha mahali, kwa kuwa hewa yenye joto au ya mahali pa juu ni nyepesi na huipunguzia rafadha nguvu ya kuinua. Helikopta inayobeba kikosi kizima asubuhi pale Entebbe inaweza kulazimika kuacha watu ikitakiwa kuruka saa nane mchana, mwezi wa Februari, kwenye miteremko ya Rwenzori. Kijana asiyeielewa hesabu hiyo atadhani ameonewa anapoambiwa abaki, au ataficha kilo chache za ziada kwenye mkoba na kuwahatarisha wenzake wote. Jambo zito kiasi hicho lilipitiwa juu juu, na hakuna aliyepandishwa kwenye mizani.

Kinachonisikitisha zaidi ni tangazo lao kuhusu ajira ya nje. Mashirika ya serikali kuu ya Marekani huajiri raia wa Marekani katika kazi hizi, na hata raia huyo huanza na kozi za msingi za mzimamoto na tabia ya moto, ndipo apate kozi ya helikopta inayoitwa S-271, kisha ajaziwe na kutiliwa sahihi kitabu cha majukumu na wasimamizi waliomwona akifanya kazi. Cheti cha kituo hakiwezi kushika nafasi ya sahihi hizo, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe ada alistahili kuelezwa hivyo mapema.

Kwa anayefanya kazi kwenye mashamba ya misonobari au hifadhi za wanyama hapa Uganda, mazoezi hayo yana thamani, nami nayapendekeza. Ada hulipwa kwa awamu. Amalize kwanza awamu ya mazoezi, kisha adai kuona mizani na fomu ya kuhesabia mzigo kabla ya kulipa awamu ya pili.