TAHADHARI: Kuna "mkombozi wa hakimiliki" anawaliza waandishi wa riwaya za mtandaoni hapa Dar

Ndugu zangu mnaoandika hadithi Facebook, kwenye blogu au kwenye magrupu ya WhatsApp, kuna jamaa anazunguka jijini. Jina lake siliweki, maana linabadilika kila akikutana na mtu mpya, ila mchezo ni ule ule.

Anaanza kwa kuisifia riwaya yako, na kweli ameisoma, atakutajia mpaka wahusika. Ukishalainika anakushtua: "Unajua ukishaposti hadithi si yako tena? Ni ya Facebook. Kesho wakiitengenezea sinema huna pa kudai." Ukianza kutokwa jasho anatoa dawa. Kwa laki moja na nusu "atakukombolea" hakimiliki, akusajilie, akupatie cheti na ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu. Na anakusisitizia ufute sehemu zote ulizoposti, eti ndipo Facebook "waachie" umiliki.

Mdogo wangu mmoja wa Sinza, mwanafunzi wa chuo, aliingia mkenge huo. Aliposubiri cheti mpaka akachoka, akaniletea fomu niisome. Ni karatasi moja, mbele na nyuma, muhuri wa duara wa bluu, na nembo iliyochorwa ili ukiitazama haraka haraka udhani ni ya serikali. Mbele ni maneno matamu matupu. Nyuma, kipengele cha saba, kwa herufi ndogo za kutafutia miwani: "Mwandishi anamkabidhi Wakala haki zote za kazi hii, ikiwemo kuchapa, kutafsiri, kurekodi sauti na kutengeneza filamu, kwa muda wote wa hakimiliki." Chini kuna sahihi ya binti huyo, na ya shahidi ambaye hajawahi kumwona. Yaani katoa hela yake mfukoni ili anyang'anywe hadithi yake.

Hadithi yenyewe haikukaa bure. Imeshakuwa kijitabu, wamachinga wanawauzia abiria stendi ya Magufuli pale Mbezi, na kwenye jalada kuna jina la mtu mwingine kabisa. Hata kusafisha hawakusafisha. Ukurasa wa 41, katikati ya ugomvi wa mke na mawifi, unakuta: "ITAENDELEA KESHO SAA 2 USIKU, komenti zikifika 200 naachia mbili." Kwenye karatasi! Sijui abiria wa basi la Mbeya akakomenti wapi.

Jamaa anakula kwa sababu wengi wetu hatujui sheria inasemaje, kwa hiyo sikilizeni. Sheria yetu ni ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999. Hakimiliki yako inaanza pale unapoiandika kazi, hata kama ni kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Haisubiri cheti, haisubiri muhuri. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Na kwa kuwa Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, nchi nyingine wanachama, Marekani ikiwemo, zinatakiwa nazo kuilinda.

Na hilo la Facebook kumiliki hadithi yako ni uongo. Masharti ya Facebook, Blogger, WordPress.com na Medium yote yanakubali kwamba ulichoandika ni chako. Unachowapa ni leseni, yaani ruhusa ya kukihifadhi na kukionyesha kwa watu. Sisemi ni ruhusa ndogo: ya Facebook ni ya dunia nzima, haina malipo, na wanaweza kuigawa kwa wengine wanaowafanyia kazi. Ila si ya kipekee, ndiyo maana riwaya iliyopo kwenye ukurasa wako bado unaweza kumpelekea mchapishaji. Penye kuhitaji macho zaidi ni zile programu zinazomlipa mwandishi kwa kila sura. Baadhi zina mikataba ya kipekee, na ukisaini huruhusiwi kuipeleka hadithi hiyo kwingine. Hizo soma mpaka nukta ya mwisho.

Kufuta posti ndiyo ujanja mbaya kuliko yote. Tarehe za posti zako na komenti za wasomaji ndio ushahidi kwamba ulitangulia. Ukizifuta unamsaidia yeye. Usifute kitu, na ingia kwenye mipangilio ya Facebook upakue nakala ya taarifa zako uihifadhi mahali pengine. Bahati nzuri binti alikuwa amefuta nusu tu, simu ikaisha chaji.

ISBN nayo isikubabaishe. Hapa nchini inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kazi yake ni kukitambulisha kitabu, haisemi nani mwenye mali. Usajili wa kazi za sanaa na maandishi uko COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na ukisajili unapata ushahidi mzuri mkifika kwenye ugomvi, kwa hiyo sikukatazi. Ila malipo ya serikali yanakwenda kwa kumbukumbu namba (control number). Mtu akikwambia "tuma kwenye namba yangu hii, jina litatokea la shemeji", hapo hapo kata simu.

Kwa aliyekwisha saini: usikate tamaa. Sheria inatenganisha haki za kiuchumi na haki za kimaadili. Za kiuchumi zinaweza kuhamishwa kwa maandishi, na hapo ndipo kile kipengele cha saba kinapouma. Lakini haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye mwandishi haihamishwi ukiwa hai, kwa hiyo kubandika jina la mtu mwingine kwenye jalada ni kosa hata fomu ikiwa halali. Na fomu iliyopatikana kwa kudanganywa ina mengi ya kupingwa, mtafute wakili. Binti ameshafungua jalada polisi, na pale hadithi ilipowekwa Facebook na watu wengine amejaza fomu ya malalamiko ya hakimiliki. Ile ni bure, usilipie mtu akujazie.

Angalizo dogo: mtu akiandika naye hadithi ya dada wa kazi aliyependwa na mtoto wa bosi, usikimbilie polisi. Wazo halina mwenyewe, na hilo hasa ni la taifa zima. Kinacholindwa ni maneno yako ulivyoyapanga.

Taarifa ya mwisho niliyopata ni kwamba sasa amehamia kwa wanaosimulia hadithi YouTube. Fomu ni ile ile, kichwa kimekuwa "Mkataba wa Ulinzi wa Sauti", na kile kipengele cha saba kimepandishwa kuwa cha tano, bado upande wa nyuma. Aliyepewa toleo jingine alipige picha, afiche jina lake, aweke hapa chini.