Chesisi ya shaba ya kuchomea mwenyewe, gari la mfereji la 1/32: uzoefu wangu

Gari la mfereji ni gari dogo la umeme linalokimbia kwenye njia yenye mfereji unaoliongoza, na 1/32 maana yake ni dogo mara 32 kuliko gari halisi. Nilinunua seti hii ya kutengenezea chesisi (fremu ya chini ya gari) kwa ajili ya bodi ya Ford GT40, gari la mashindano, ambayo haikupata chesisi ya plastiki inayoienea. GT40 halisi ina kama milimita 2,420 kutoka ekseli hadi ekseli. Gawa kwa 32, unapata 75.6. Chesisi za dukani zimekwisha kukatiwa umbali wake, na ukikosea kwa milimita mbili tairi linasugua kwenye ukingo wa bodi.

Ndani ya boksi kuna bamba la shaba ya njano la unene wa mm 1.6, waya mgumu wa chuma wa mm 1.5, mrija wa shaba wa kipenyo cha nje inchi 1/8 unaopokea ekseli ya inchi 3/32, na kibao cha alumini chenye mitaro ya kushikilia kazi. Kibao hicho peke yake kinastahili bei yote. Risasi ya kuchomea (madini yanayoyeyushwa kuunganisha vipande) haishiki kwenye alumini, na mitaro inalazimisha ekseli mbili zikae sambamba. Ekseli zikipishana hata nusu milimita, gari linapita vizuri kona za kulia na kuruka nje kona za kushoto, nawe utabaki kulaumu tairi bure.

Penye kasoro ni maelekezo. Yanasema pasi ya kuchomea ya wati 40 inatosha. Haitoshi! Shaba nene inavuta joto lote, risasi inaganda kabla ya kupenya, na kiungo kinabaki na rangi ya kijivu chenye chembechembe. Kinaonekana kizima hadi gari ligonge ukuta mara ya kwanza. Tumia wati 80 na ncha pana. Piga msasa pande zote mbili, paka flaksi ya asidi (dawa inayosafisha shaba ili risasi ishike), paka risasi kila kipande peke yake, ndipo uviunganishe. Risasi ya 60/40, yaani bati 60 kwa risasi 40, inatiririka vizuri.

Mrija wa ekseli ya nyuma uchomee ukiwa mzima, kisha kata katikati upate nafasi ya gia. Wanaochomea vipande viwili mbalimbali hupata ekseli inayokwama. Ndani weka ekseli kuukuu iliyopakwa tone la mafuta, risasi isiing'ang'anie. Mota usiifunge bado, maana mvuke wa asidi unaila. Ukimaliza, sugua kila kitu kwa mswaki, maji na magadi ya kupikia, kausha, pangusa kwa mafuta. Bila hivyo waya wa chuma unaanza kutu upesi.

Mota ninayotumia ni ya aina ya FC-130, imelala kwa urefu wa gari, pinioni (gia ndogo ya mota) ya meno 9 kwa krauni (gia ya ekseli ya nyuma) ya meno 27. Kati ya meno ya gia hizo mbili weka karatasi nyembamba ya sigara, sukuma mota hadi ibane, kaza, kisha vuta karatasi. Gia zikilia kwa sauti kali, zimebanana mno.

Sasa jambo linalotofautisha chesisi nzuri na nzito tu: mbawa za pembeni, yaani vibamba vya kushoto na kulia vinavyobeba bodi. Usizichomee moja kwa moja kwenye uti wa kati. Zishike kwa waya wa mm 1 ndani ya vipande vya mrija, zikiwa na mchezo (ulegevu) wa nusu milimita, na bodi ifungwe kwenye mbawa hizo. Mtikisiko wa mota na wa viungo vya njia haufiki kwenye bodi, na gari linashika kona bila sumaku ya kulivuta chini kwenye njia. Mchezo ukizidi milimita moja, bodi inayumba na kulivuta gari nje.

Magurudumu ya mbele yaguse njia kwa shida. Uzito wa mbele ubebwe na ulimi unaoingia mferejini. Acha nafasi ya mm 1 kati ya chesisi na njia. Ulimi ukiinuka unapoongeza kasi, gundisha gramu 3 za risasi ya bamba nyuma yake tu, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Naipa nne kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa yale maelekezo ya pasi.