Chenso moja kutoka kwenye mizoga mitatu: imeweza kazi ya msituni?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena karakana. Hapa mezani nina chenso, yaani msumeno wa mnyororo, aina ya Stihl MS 381. Sogea uitazame vizuri. Kifuniko cha juu kimepauka, mkono wa nyuma bado una rangi yake, na stata ina mikwaruzo ambayo huioni kwingine kokote. Ni kwa sababu hii ni chenso moja iliyotoka kwenye mizoga mitatu, yaani chenso tatu zilizokufa. Nimeitumia wiki tatu hapa Mafinga, imeangusha paini na imekata magogo ya milingoti (mikaratusi), kwa hiyo nawaeleza kitu nilichokishika kwa mikono yangu.

Mzoga wa kwanza ndio wenyewe, MS 381. Mwenye nayo alikuwa ameibadilisha pistoni mara mbili ndani ya msimu mmoja, na mara zote mbili injini ikakamata. Akachoka, akaniuzia. Wa pili ni MS 380 iliyoangukiwa na mlingoti: tangi na mkono vimesagika, injini ikabaki. Wa tatu ni 038 ya zamani, niliitoa kwenye chuma chakavu. Hizi tatu ni za ukoo mmoja, spea zake nyingi zinaingiliana. Ila kuwa makini na 038. Zilitoka na silinda za ukubwa tofauti, na ya MS 381 ina kipenyo cha milimita 52. Nenda na vernia yako, ile rula ya kupimia kipenyo, pima, usikubali kuambiwa "hizi zote ni sawa, kaka".

Sasa nataka tukae hapa kidogo. Yule bwana alinunua pistoni mbili, akalipa fundi mara mbili, na hakuna aliyemuuliza kwa nini ya kwanza ilikufa. Injini ya tu-stroku haina oili yake pembeni kama ya gari. Oili inaingia pamoja na petroli. Kukiwa na tundu mahali, hewa inayoingia hapo haijapita kwenye kabureta, haina petroli wala oili. Mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inapanda mzunguko, inapata joto, pistoni inavimba na kukwaruza ukuta wa silinda. Ukiweka pistoni mpya na tundu umeliacha, umeipeleka pistoni hiyo kulekule.

Kwa hiyo kabla sijanunua hata ringi, nilipima upepo. Wengi wanadhani kipimo hiki kinahitaji mashine ya gharama. Mimi natumia ile pampu ya mkononi ya kupimia presha ya damu, pamoja na saa yake. Nimekata vipande vya tyubu ya baiskeli, kimoja nimekibana pale ekzosi inapokaa, kingine pale kabureta inapokaa. Pistoni ishushe chini kabisa. Plagi iwe imekazwa. Halafu pampu unaiunga kwenye kile kimrija kinachotoka kwenye krankikesi, lile kasha la kranki chini ya silinda, kwenda kabureta. Jaza mpaka saa isome 300, yaani milimita za zebaki, ambayo ni kama ba 0.4. Acha, hesabu dakika moja.

Ilishuka mbele ya macho yangu. Nikapaka maji ya sabuni kwa brashi, na povu likatoka kwenye sili ya kranki, ile raba ya mviringo inayozuia hewa, upande wa flaiwili, lile gurudumu la sumaku. Sili ndogo kama sarafu! Hiyo ndiyo iliyoua pistoni mbili za yule bwana, na kusema kweli iliniuma, maana ile ni hela ya ada ya mtoto.

Kuna jambo jingine kuhusu sili. Inaweza kuzuia upepo unaotoka ikashindwa kuzuia unaoingia, kwa hiyo lazima uvute pia. Mimi nachukua bomba kubwa la sindano ya mifugo, naliunga palepale, navuta kishikio halafu naachia. Kikirudi chenyewe ndani, mambo yako sawa. Kikibaki nje, hewa imepenya.

Sili zote mbili nikaweka mpya. Hapa sikubali kitu cha mzoga hata kama kinaonekana kizima. Sili, gaskiti, ringi, vibanio vya pini ya pistoni, na utando wa mpira wa ndani ya kabureta: hivi vyote vipya. Lakini kranki, krankikesi na silinda, nipe ya asili iliyotumika kuliko ya kuiga iliyo mpya. Silinda ya kuiga niliwahi kuifunga, na utando wake mgumu wa ndani ulianza kubanduka kwenye kingo za matundu ya kupitishia hewa na moshi kabla msimu haujaisha.

Silinda niliyotumia ni ile ya MS 380. Ilikuwa na michirizi upande wa ekzosi, na mwenzangu akasema itupwe. Nikaipitisha ukucha, nikahisi kitu kimepanda juu ya ukuta, hakijachimba ndani. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka ikaganda pale. Nikaigusa kwa asidi ya hidrokloriki kwenye pamba ya kijiti, kidogokidogo, ikachemka na kutoa povu. Povu likikoma, futa, rudia. Fanya nje kwenye upepo, glavu na miwani, na asidi isifike kwenye matundu, maana mwili wa silinda nao ni aluminiamu, itaula. Suuza kwa maji mengi. Ukikuta utando wenyewe umevunjika, hapo iache tu, haina tiba.

Kufunga sitachukua muda. Mshale wa juu ya pistoni uangalie ekzosi. Mdomo wa ringi ukae kwenye kile kipini chake. Koili ya moto wa plagi niliiachia nafasi na flaiwili kwa kupima na kadi ya biashara. Klachi imetoka kwenye 038, imeingia bila kulazimishwa.

Breki ya mnyororo ndiyo iliyonichelewesha siku nne. Mizoga yote mitatu ilikuwa na mikanda ya breki iliyolika. Ningeweza kuifunga bila breki, wapo wengi wanaofanya kazi hivyo, na nawaomba sana ndugu zangu mwache. Ncha ya baa, lile bamba refu linalobeba mnyororo, ikigusa gogo vibaya, msumeno unaruka kuja usoni. Niliagiza mkanda mpya nikausubiri.

Haya, utendaji. Inawaka kwa mvuto wa tatu ikiwa baridi, mmoja ikiwa na joto. Nachanganya oili mililita 40 kwa kila lita ya petroli, ile moja kwa 25, kwa sababu oili inayopatikana hapa si kila siku ile ya kampuni. Baa ni inchi 25, mnyororo wa 3/8, natumia tupa ya milimita 5.2. Kabureta nimeiseti kwa sikio: ukibana mafuta mpaka mwisho bila mzigo ikorome kidogo, ikiingia kwenye mti sauti iwe safi. Ikilia kali kabla haijagusa mti, iongezee petroli kwenye kabureta haraka.

Kwenye paini haina shida hata kidogo. Kwenye gogo la mlingoti mkavu, lenye upana karibu sawa na urefu wa baa, ilipita bila kulemewa, na nilipochomoa plagi ilikuwa ya kahawia kama inavyotakiwa. Ninachokilalamikia ni mtikisiko. Raba za kuzuia mtikisiko ni za mzoga, zimekwisha, na baada ya saa mbili vidole vinakufa ganzi. Mpaka nizibadilishe simpi mtu afanye nayo kazi kutwa nzima.

Gharama: mizoga yote pamoja na spea mpya haikufika nusu ya bei ya MS 381 mpya ya asili, lakini siku zangu sita za kazi sijazihesabu. Ukiwa unamlipa fundi, piga hesabu kwanza. Na ukinunua mzoga, nambari ya kwenye krankikesi iandikwe kwenye risiti, muuzaji asaini, chenso zinaibwa sana.

Sasa naiwasha. Plagi hiyo hapo, breki iko mbele, mguu ndani ya mkono wa nyuma. Sikilizeni inavyokoroma kabla haijaingia kwenye gogo.