Emacs kwenye Mac: nilivyopanga upya Meta na Control

Siku ya kwanza kutumia Emacs, programu ya kuhariri maandishi, kwenye Mac nilishindwa kuandika alama ya #. Kibodi yangu ni ya mpangilio wa Uingereza, na humo # haina kitufe chake: unashikilia Option, kisha unabonyeza 3. Lakini Emacs huihesabu Option kuwa Meta, kitufe cha kutoa amri kinachoandikwa M- kwa kifupi, kwa hiyo ilichopokea ni M-3, yaani "jambo linalofuata lifanye mara tatu". Herufi niliyochapa baada ya hapo ikajiandika mara tatu. Nilidhani kibodi imeharibika.

Kitufe cha Meta kilikuwepo kweli zamani. Kibodi za mashine za Lisp (kompyuta zilizoundwa kwa ajili ya lugha ya programu ya Lisp) kule chuo kikuu cha MIT, Marekani, zilikuwa na Control, Meta, Super na Hyper, na Emacs, iliyoanzia hukohuko mwaka 1976, imeendelea na majina hayo hadi leo. Sisi tusio na vitufe hivyo inabidi tuamue kipi kishike nafasi ya kipi.

Kwanza niliipa Command kazi ya Meta na kuiacha Option huru. Raha yake ni kwamba Command iko jirani na kitufe cha nafasi, kidole gumba kinaifikia bila kujikunja. Nilikaa nayo wiki mbili. Kilichonishinda ni M-%, amri ya kutafuta na kubadilisha maneno, ambayo naitumia mno. Ukiibonyeza kwa Command inakuwa Command, Shift na 5, na macOS, mfumo wa Mac, huidaka kabla haijafika Emacs ili ipige picha ya skrini. M-SPC (Meta na kitufe cha nafasi) nayo ilifungua Spotlight, kitafutio cha Mac. Kibaya zaidi ni mazoea ya mkono: M-w hunakili ndani ya Emacs, ila kwenye kivinjari Command na W hufunga ukurasa. Nilipoteza fomu niliyokuwa nimeijaza karibu yote.

Mpangilio niliobaki nao ni huu, ndani ya init.el, faili la mipangilio ya Emacs:

(setq mac-command-modifier 'super)
(setq mac-option-modifier 'meta)
(setq mac-right-option-modifier 'none)

Mstari wa tatu ndio ulioniokoa. Unaitenga Option ya kulia na ya kushoto, na hilo none linaiambia Emacs isiiguse ya kulia, iuachie mfumo. Option ya kushoto ni Meta. Ya kulia inanipa # na é kama kwenye programu nyingine yoyote. Tena huhitaji kuifunga Emacs ili kujaribu: weka kielekezi mwisho wa mabano ya mstari, bonyeza C-x C-e (C- ni Control), badiliko linaanza kazi papo hapo. Ukitaka kuhakikisha, C-h k hukuonyesha kitufe ulichobonyeza kinaitwaje na kinafanya nini. Programu inayokubali kuulizwa hivi naipenda sana.

Control nimeihamishia kwenye Caps Lock, kwa sababu kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kinauma kila jioni. Hili hufanywa kwenye mipangilio ya kibodi ya macOS yenyewe, si ndani ya Emacs. Angalia umechagua kibodi gani hapo juu: mpangilio huwekwa kwa kila kibodi peke yake, na mimi ya nje niliisahau. Kwenye Linux yenye X11 (mfumo wa madirisha ya skrini) amri moja inatosha: setxkbmap -option ctrl:nocaps. Maumivu yamepungua sana, na ningekuwa na nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu ningeanza na hiki.

Mistari ile mitatu haina kazi ukiifungua Emacs ndani ya Terminal, programu ya Mac ya kuandikia amri, kwa kuwa huko vitufe hupita kwanza mikononi mwa Terminal. Ina mpangilio wake wa kuifanya Option kuwa Meta, lakini nimeuacha umezimwa ili # isinipotee tena. Huko natumia Esc: naibonyeza, naiachia, kisha nabonyeza herufi.