Safari ya Tendaguru kutoka Lindi Mjini: Unachokilipia ni Mwongozaji

Huduma ninayoitathmini ni safari ya siku moja, kwa gari la kukodi pamoja na mwongozaji, kutoka Lindi mjini hadi kilima cha Tendaguru, kilometa 60 hivi kaskazini-magharibi ya mji. Anayekwenda akitarajia kuuona mjusi mkubwa amesimamishwa atarudi amenuna, kwa kuwa kiunzi cha Giraffatitan, dinosaria mwenye shingo ndefu ambaye mifupa yake ilichimbwa hapa, chenye kimo cha zaidi ya meta 13, kiko kwenye jumba la makumbusho mjini Berlin. Kilichobaki huku ni vichaka, makorongo na miamba ambayo, bila mtu wa kuieleza, haina tofauti na miamba mingine yoyote ya kusini.

Hapo ndipo mwongozaji wetu, mwenyeji wa vijiji vya jirani, alipostahili malipo yake. Hakutukimbiza kileleni kupiga picha, bali alitushusha kwanza korongoni, akatuonyesha kwamba matabaka yenye mifupa ya dinosaria ni matatu, na kwamba yanapishana na matabaka ya mawe ya mchanga yenye makombe ya baharini, yakiwemo yale ambayo wataalamu huyaita Trigonia. Maana yake ni kwamba katika enzi ya Jurasi, miaka milioni 150 hivi iliyopita, hapa palikuwa pwani yenye wangwa, na bahari ilisogea na kurudi mara kadhaa huku wanyama wa nchi kavu wakifa na kufukiwa kando yake. Maelezo hayo aliyatoa taratibu, akigusa jiwe kwa jiwe, na sijawahi kuyasikia vizuri hivyo darasani. Mwenzetu mmoja alipookota kipande cha mfupa, aliambiwa kwa upole lakini bila mzaha akirudishe palepale, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vya aina hiyo.

Upande wa historia pia aliumudu, ingawa si wote. Alieleza jinsi mhandisi Bernhard Sattler alivyoikuta mifupa mwaka 1906, na jinsi Werner Janensch na Edwin Hennig walivyoanza uchimbaji mwaka 1909, kazi iliyoendelea hadi 1913. Nililopenda zaidi ni kwamba hakuishia kwa Wajerumani: alimtaja Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, na wapagazi waliobeba mizigo vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku nne hivi hadi bandari ya Lindi, mpaka zikasafirishwa zaidi ya tani 200. Uchimbaji wa Waingereza wa 1924 hadi 1931, hata hivyo, aliupitia kwa sentensi moja. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alifia Lindi kwa malaria mwaka 1925, na mgeni anayelala mjini humo angependa kulijua hilo.

Kasoro kubwa ni kukosekana kwa picha. Mtu ambaye hajawahi kuona umbo la Kentrosaurus, dinosaria mwingine wa Tendaguru, mwenye mabamba shingoni na miiba mirefu kuanzia mgongoni hadi mkiani, haliwazii kwa kuelezwa tu akiwa juani, ilhali karatasi chache zilizochapishwa zingetosha. Kasoro ya pili ni gari: tuliahidiwa gari la juu, tukaletewa dogo ambalo tumbo lake lilikwaruza njia yote ya vumbi. Dereva mwenyewe alikuwa mwangalifu, wala sina la kumlaumu.

Kwa mwalimu wa jiografia, mwanafunzi wa jiolojia au mwenyeji wa Lindi anayetaka kujua kilichoondoka kwao, naipendekeza safari hii bila kusita. Kwa familia yenye watoto wadogo, hapana, kwani kutembea ni kwingi na kivuli ni haba. Nendeni kiangazi, nyasi zikiwa fupi na barabara ikiwa kavu, bebeni maji na chakula chenu, na hakikisheni mmeliona gari kwa macho kabla ya kutoa malipo ya awali.